Mtaro wa ufizi: mwongozo kamili wa kusaidia kidonda cha jino kipone

Mama mmoja wa Mikindani alirudi kwenye chumba changu siku ya pili baada ya kung'olewa gego, kanga ameizungusha kutoka utosini hadi kidevuni. Hakusubiri hata nimkaribishe.

"Daktari, jana nimekuja hapa shavu langu zima. Leo nimeamka shavu kama andazi. Umenifanya nini?"

"Pole mama. Kaa kwanza, fungua kanga nione."

Shimo lilikuwa safi, damu imeganda vizuri, homa hakuna, mdomo unafunguka. Nikampapasa chini ya taya upande ule ule, nikakikuta kitezi cha ukubwa wa punje ya mbaazi, laini, kinateleza chini ya kidole. Nikauchukua mkono wake mwenyewe nikamwekea kidole pale. "Unakisikia? Hicho kiko kazini tangu jana."

Yeye alitaka dawa ya kukausha uvimbe. Alichopata ni maelezo ya karibu nusu saa kuhusu mishipa ya limfu, ule mtaro unaoondoa maji na taka kwenye nyama, ambayo wengi wetu hatukuitilia maanani shuleni, kisha akaenda nyumbani na paracetamol na maelekezo. Haya ni yale maelezo, nimeyapanua kidogo. Yamfae anayekwenda kung'olewa jino, aliyeshonwa ufizi, au aliyekwanguliwa ukoga na sasa fizi zinamuuma.

Kwanza uijue mishipa yenyewe

Sisi watu wa Kusini tunaijua mishipa ya limfu, ila tumeifahamu kwa ubaya wake. Nani Lindi au Mtwara hajawahi kumwona mzee mwenye mguu wa matende? Minyoo myembamba kama uzi, inayoletwa na mbu, huingia kwenye mishipa ya limfu na kuiharibu. Maji ya mwilini yakakosa njia, mguu ukajaa. Busha nalo ni hivyo hivyo, na madafu hayahusiki hata kidogo, ingawa bado nasikia vijana wakikatazana kunywa. Ndiyo maana miaka mingi tumepanga foleni kumeza kingatiba, ile ivermectin na albendazole.

Minyoo hiyo haina habari na fizi. Nimeitaja kwa sababu mguu wa matende unaonyesha wazi mtaro ukifa kinatokea nini. Damu inapopita kwenye vishipa vyembamba, maji yake huvuja kidogo kidogo kwenda kwenye nyama kuzilisha. Sehemu hurudi kwenye damu hapo hapo, na takribani lita 3 kwa siku kwa mtu mzima hubaki nje. Hizo ndizo zinazookotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu. Gasparo Aselli aliiona mishipa hii mwaka 1622 huko Italia alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akakuta tumboni nyuzi nyeupe zilizojaa kitu kama maziwa. Miaka ya 1650 Olof Rudbeck wa Sweden na Thomas Bartholin wa Denmark wakaifuatilia mwili mzima, kisha wakagombana nani alitangulia.

Ndani ya ufizi mishipa hii huanza na ncha iliyozibwa, kama kidole cha glavu. Ukuta wake ni seli zilizopandana mithili ya makuti kwenye paa, na kila kuti limefungwa kwa nyuzi nyembamba kwenye nyama ya jirani. Sasa tazama ufundi wake. Ufizi ukivimba, nyama inatanuka, inazivuta zile nyuzi, makuti yanafunuka, maji yanaingia. Mshipa ukijaa, presha ya ndani inayabana makuti yasirudishe maji. Kwa hiyo uvimbe wenyewe ndio unaofungua mlango wa kuutoa. Nimefanya kazi hii miaka mingi na jambo hili bado hunifurahisha.

Kutoka hapo limfu inasafiri. Ya fizi za meno ya mbele ya chini huenda kwenye tezi zilizo chini ya kidevu. Ya magego, na ya fizi za upande wa mashavu, hushukia kwenye tezi za chini ya taya. Ya upande wa kaakaa huingia kwenye tezi za ndani za shingo. Zote huishia shingoni, kisha kwenye vena kubwa iliyo nyuma ya mtulinga. Moyo hauisukumi limfu. Inasogezwa na mikazo midogo ya mishipa yenyewe, vali zinazozuia isirudi nyuma, na misuli inayoiminya tunapomeza, tunapotafuna, tunapoongea na tunapovuta pumzi.

Na haibebi maji tu. Ufizi ukikatwa, hujaa mabaki ya bakteria, seli zilizokufa na kemikali zinazoitisha askari wa mwili. Kemikali hizo zikikaa sana, askari wanaendelea kumiminika, nao wakikosa adui huanza kubomoa nyumba, yaani nyama na mfupa unaoshika meno. Limfu huziondoa. Wakati huo huo seli za doria huchukua vipande vya bakteria na kuvipeleka kwenye tezi, ambako seli nyingine zinafundishwa sura ya adui na kuzaliana. Ndiyo maana tezi inavimba, kwa kuwa ndani yake kuna watu wengi kuliko kawaida.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, mmoja wao daktari wa meno Mtanzania, walichapisha kazi waliyofanya kwa panya wasio na mishipa ya limfu kwenye fizi. Waliwaambukiza bakteria anayeitwa Porphyromonas gingivalis, mmoja wa wabaya wakuu wa ugonjwa wa fizi. Panya wale walipoteza mfupa wa taya zaidi kuliko wenzao wenye mishipa kamili. Inajulikana pia kwamba kwenye uvimbe mwili huotesha mishipa mipya ya limfu, ukiongozwa na kichocheo kiitwacho VEGF-C, na kwenye kidonda mishipa hiyo huja nyuma ya ile ya damu. Panya si binadamu, na hakuna kidonge cha kuotesha mishipa ya limfu ya ufizi wako. Mtu akikuuzia chupa ya "kusafisha limfu" stendi au kwenye simu, hela yako inunulie samaki.

Kazi yako basi ni kutouziba mtaro na kutoujaza taka kuliko unavyoweza kubeba.

Hatua ya kwanza: zijue tezi zako kabla ya kukaa kwenye kiti

Hii watu wengi huiruka, halafu siku ya tatu wanashika shingo kwa mara ya kwanza maishani na kushtuka kukuta kitu.

Fanya jioni moja kabla. Kaa, inamisha kidevu kidogo ili ngozi ya shingo ilegee. Weka ncha za vidole vitatu chini ya mfupa wa taya, karibu na pembe yake, kisha zivute taratibu kuelekea kwenye mfupa huku ukibonyeza kidogo, kama unayetafuta jiwe kwenye mchele uliomo ndani ya mfuko. Sogea mbele mpaka chini ya kidevu. Kisha shuka ubavuni mwa shingo hadi juu ya mtulinga. Fanya pande zote mbili na ulinganishe. Usichanganye na tezi ya mate ambayo nayo ipo chini ya taya. Hiyo ni pana na laini, na ipo kila upande.

Tezi ya kawaida ama huisikii kabisa, ama ni ndogo chini ya sentimita 1, laini, inateleza. Ukikuta yenye kuuma kabla hata jino halijang'olewa, mwambie daktari, maana kuna uambukizi tayari. Ukikuta ngumu kama jiwe, haisogei, haiumi na inakua, jino lisubiri, hiyo ichunguzwe kwanza.

Pia mwambie anayekutibu kama una sukari, presha, ugonjwa wa moyo, ujauzito, VVU, au unakunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Watu huona aibu kutaja VVU kwenye chumba cha meno. Taja. Dawa unazotumia zinatusaidia kuchagua zetu, na siri yako inabaki pale. Kula chakula kamili kabla ya kuja, piga mswaki, na kama umo kwenye Ramadhani panga jino baada ya kufuturu au subiri mfungo uishe ikiwa halikusumbui sana.

Hatua ya pili: saa 24 za mwanzo

Siku hii kuna kitu kimoja cha kulinda, nacho ni bonge la damu lililoganda ndani ya shimo. Hilo ndilo jukwaa ambalo mishipa mipya, ya damu na ya limfu, itapandia. Likitoka, mfupa unabaki uchi.

Ng'ata pamba uliyopewa kwa dakika 30 bila kuitoa kuchungulia. Damu ikiendelea, ng'ata nyingine safi iliyoloweshwa kidogo, dakika 30 tena. Mate yenye wekundu hafifu mpaka kesho yake ni kawaida, damu inayojaza mdomo si kawaida. Usiteme mate, meza. Usivute kinywaji kwa mrija, usisukutue, usiguse shimo kwa ulimi wala kidole. Najua kutema ni tabia ngumu kuacha, hasa kwa mtu aliyezoea ugoro, lakini ule mfyonzo wa mdomo ndio unaong'oa bonge.

Meza paracetamol kabla ganzi haijaisha. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Aspirini achana nayo kwa sababu inazuia damu kuganda. Na usiisage kuiweka kwenye ufizi, itauunguza. Ibuprofen hufaa kwa wengi, ila si kwa mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo bila kuambiwa na daktari.

Barafu: chukua ile ya mfuko, ifunge ndani ya kipande cha kanga, weka nje ya shavu dakika 10 hadi 15, pumzika muda huo huo, rudia. Baridi inabana mishipa ya damu, maji yanayovuja yanapungua, mtaro haulemewi. Siku ya kwanza ndiyo siku ya barafu. Kesho kutwa haina faida kubwa.

Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au godoro lililokunjwa. Maji hufuata mteremko, na kichwa kikiwa sawa na mkeka uso unajaa usiku. Kama ni msimu wa korosho na wewe ni mbebaji ghalani, magunia yakuache siku mbili. Kuinama na kubeba huongeza msukumo wa damu kichwani. Kusujudu kukileta damu, sali umekaa siku hiyo, mgonjwa ana ruhusa.

Kula vya uvuguvugu au baridi, laini, upande wa pili: uji usio moto, ndizi, mtindi, samaki aliyechambuliwa, viazi vya kupondwa. Uraka na pombe nyingine zote hapana. Sigara hapana, na hapa sina mzaha. Moshi unabana vishipa vya damu vya ufizi na kuidhoofisha kazi ya askari wa mwili. Wavutaji ndio wanaorudi kwangu na mashimo yanayonuka. Ukishindwa kuacha kabisa, walau siku 3.

Hatua ya tatu: siku ya pili na ya tatu, siku za shavu la andazi

Uvimbe baada ya kung'olewa jino, hasa gego gumu la chini, hufikia kilele kati ya saa 48 na 72. Mama wa Mikindani alikuja saa ishirini na kitu, kwa hiyo nilimwambia kesho utakuwa mkubwa zaidi kabla haujashuka. Hakufurahi. Lakini bora mtu ajue.

Kinachotokea ni kwamba mishipa ya damu jirani na kidonda imelegea ili askari na virutubisho vipite, maji yanamwagika kwa wingi, na mtaro unakwenda kwa mwendo wake. Fikiria mvua ya Januari, mitaro inabeba lakini barabara bado ina maji. Ukiona maji barabarani haimaanishi mtaro umekufa. Utauliza mtaro umekufa pale mvua imekatika siku tatu na maji hayajaondoka.

Kuanzia siku ya pili, anza maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, hii hii yetu ya mabwawa ya pwani, ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu. Weka mdomoni, elekeza kichwa upande wa kidonda, yaache yakae nusu dakika, kisha fungua mdomo yaanguke yenyewe. Usisukutue kwa nguvu kama unayetia udhu kwa haraka. Mara 4 kwa siku, hasa baada ya kula.

Barafu sasa pumzisha. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye shavu, dakika 15, mara tatu nne kwa siku, kinalegeza misuli iliyokaza na kuchangamsha mwendo. Lakini ikiwa una homa au usaha, joto liache, uje hospitali.

Anza pia kufungua na kufunga mdomo polepole, mara kumi kumi, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ongea na watu. Kunywa maji ya kutosha. Mgonjwa anayejilaza siku tatu amefunga mdomo kwa kanga anaunyima mtaro pampu yake mojawapo.

Hatua ya nne: kukanda shingo, na kuanzia chini

Hii ni ya hiari, na isifanywe kabla ya siku ya tatu. Tafiti ndogo kwa watu waliotolewa magego ya mwisho zimeonyesha kwamba kukanda kwa namna hii hupunguza uvimbe. Usikande ukiwa na homa, usaha, tezi ngumu, au ukiwa umewahi kuambiwa una saratani.

Watu wote huanzia shavuni, kwa sababu ndiko kunakouma. Ni makosa. Mkulima wa majaruba akizibua mfereji huanzia chini, maji yanakoelekea, la sivyo anayasukuma kwenye kizuizi. Kwa hiyo vuta pumzi ndefu tano, tumbo lijae. Weka vidole bapa juu ya mtulinga, kwenye kile kibonde, bonyeza kidogo sana ukielekeza ndani na chini, achia. Mara kumi. Kisha ubavu wa shingo, kutoka chini ya sikio kushuka hadi mtulinga, mara kumi. Kisha chini ya taya, kutoka kidevuni kwenda pembeni na kushuka. Shavu liwe la mwisho, na kidonda chenyewe usikiguse.

Nguvu yake ni ile ya kumpapasa mtoto mchanga apate usingizi. Mishipa hii iko juu juu chini ya ngozi, ukikandamiza kama unamchua mchezaji wa mpira unaibana. Mafuta ya nazi kidogo yanasaidia vidole kuteleza. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha.

Hatua ya tano: lini uje mbio

Kuna hali moja inayouma sana lakini haiui. Siku ya 2 hadi ya 4, maumivu yaliyokuwa yanapungua yanarudi kwa kasi, yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, shimo tupu limeonyesha mfupa. Hilo ni shimo lililokauka, bonge limetoka. Njoo tulisafishe na kuweka dawa ndani. Usijitibu.

Na nisikilize hapa. Mjomba wangu, nikiwa mtoto Newala, alichovya kijiti kwenye mafuta ya ganda la korosho akakiweka kwenye jino lililomtesa. Sote tunajua mafuta yale yanavyobabua mikono ya wanaobangua. Jino liliendelea kuuma, na ufizi ukababuka ukawa mweupe kama karatasi iliyolowa, ukanyofoka. Alipopona, pale pakabaki bonde, mzizi wa jino nje. Alikuwa akitufunulia mdomo sisi wapwa zake na kusema, "Oneni ujinga wa mjomba wenu." Maji ya betri, mafuta ya taa na majivu ya moto yamo kwenye kundi hilo hilo.

Sasa hali zinazoua. Uvimbe umeenea chini ya taya pande zote mbili, sakafu ya mdomo imeinuka na kuusukuma ulimi juu, mgonjwa hawezi kumeza hata mate yake, sauti imebadilika, anapumua kwa shida. Uambukizi umeshinda tezi na unaenea kati ya tabaka za shingo. Usisubiri kupambazuke. Mtwara nenda Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Lindi nenda Sokoine, aliye Masasi au barabara ya huko ana Ndanda, aliye karibu na Mtama ana Nyangao. Mweke ameketi ndani ya gari, asilazwe chali.

Njoo siku hiyo hiyo pia ukiwa na homa kali na baridi, usaha, mdomo unaozidi kukaza, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, au uvimbe unaopanda kuelekea jichoni. Tezi inayouma chini ya taya kwa wiki moja au mbili na kuendelea kupungua, iache. Tezi iliyopita wiki mbili bila kupungua, au inayokua bila maumivu, ipimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, inaweza kuwa kitu kingine.

Mtoto namtenga peke yake. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka na meno yanayolegea bila kuoza asipelekwe kwa mng'oa meno wala asipewe dawa za jino. Kuna saratani ya seli za limfu, Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, inayowapata watoto wa maeneo ya malaria kama kwetu. Ikiwahiwa inatibika kwa dawa. Hospitali kubwa, wiki hiyo hiyo.

Kuhusu vidonge vya rangi mbili: si kila jino lililong'olewa linahitaji antibayotiki. Mtu mwenye afya, kidonda safi, tezi laini, hahitaji. Kununua sita dukani "za kuzuia" ni kuwafundisha bakteria wako kuzizoea. Ukiandikiwa, maliza zote.

Hatua ya sita: wiki zinazofuata

Nyuzi za kushonea, kama si zile zinazoyeyuka, hutolewa baada ya siku 7 hivi. Nyama hulifunika shimo ndani ya wiki 3 hadi 4. Mfupa chini yake huchukua miezi. Mwenye sukari isiyodhibitiwa huchelewa zaidi, kwa hiyo kipimo cha sukari ni sehemu ya tiba ya ufizi wake.

Mswaki usiuache hata siku moja kwa meno mengine, jirani na kidonda pita taratibu kuanzia siku ya pili. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya wiki mbili tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia usafi, takribani wiki moja fizi zikatulia. Utando wa meno ni mkondo wa taka usiokatika. Kila siku unapouacha, mtaro unabeba mzigo ambao haukuhitajika.

Fizi zetu nyingi ni nyeusi au za madoa meusi, nazo ni nzima kabisa. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba ufizi mgonjwa ni mwekundu, usijitafutie wekundu kwenye kioo ukaukosa ukadhani mambo ni sawa. Tazama umbo: ufizi mzima umebana jino na ncha yake ni kali, uliovimba umetuna na unang'aa kama umelowekwa. Na tazama damu kwenye mswaki. Ikitoka, kukwepa pale ni kuzidisha. Pitisha mswaki laini pale pale, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Isipokoma baada ya wiki mbili, ukoga umeganda, nao hautoki kwa mswaki wala mkaa, unakwanguliwa na mtaalamu. Baada ya kukwanguliwa rudi wiki ya 4 hadi ya 6 tupime tena.

Chakula: kidonda hujengwa kwa protini na vitamini C. Samaki, mayai, mbaazi, choroko, kisha mapera, machungwa, na bibo. Bibo lina vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa, nasi huku tunaliacha lioze chini ya mkorosho au tunaligeuza uraka. Ila bichi linakwaruza koo na litachoma kidonda kibichi, kwa hiyo lisubiri hadi nyama ifunike.

Mama wa Mikindani alirudi siku ya saba kutolewa nyuzi. Kanga ilikuwa mabegani. Kabla sijamwambia lolote alinyoosha shingo, akapeleka vidole vitatu chini ya taya, akatafuta. "Kimepungua," akasema, "kimebaki kama choroko." Kisha akatoa mkobani kijifuko cha korosho za kukaanga, akaniuliza kama anaweza.

"Upande wa pili, mama. Huu bado wiki tatu."

Akaihamisha ile moja aliyokwisha kuitia mdomoni.